Kengele ya Bi Mwanasiti

Bi Mwanasiti binti Uweso wa Chumbageni hakuwa mtu wa kudanganywa, na hilo ndilo lililomponza. Ufunguo wa kasha lake aliuvaa shingoni, akilala nao na kuoga nao. Muuza samaki akimwambia changu huyu katoka majini leo asubuhi, yeye alimfunua matamvua, akamnusa, akamkataa mbele ya watu, kisha akamnunua huyo huyo. Marehemu mumewe alizoea kusema kwamba hata mtoa roho akija, mkewe atamuuliza kwanza katumwa na nani.

Mtu wa namna hiyo ukimlaza kitandani, akili yake haina kazi nyingine ila kutafuta mwizi. Ndivyo ilivyokuwa. Aliteleza uani, palipokuwa pamemwagika maji ya sabuni, akaangukia nyonga. Hospitali walimfunga, mganga wa viungo akamkanda, lakini mguu ulikataa kumbeba. Tangu hapo dunia yake ikawa kitanda, ile samadari ya marehemu mumewe, dirisha la kutazama njia, na mlango ambao mara nyingi ulikuwa umerudishwa. Jiko lilikuwa mwisho wa ua. Ili apate maji ya kunywa ilibidi apige ukelele wa kusikika mtaa wa pili, na kupiga ukelele si jambo la mwanamke mwenye heshima zake.

Nyumbani walikuwa watatu. Mwanawe wa pekee, Idarusi, alikuwa fundi wa umeme katika shamba la mkonge kwenye njia ya Pangani; alikuja Jumamosi na kuondoka Jumapili. Siku zilizobaki mama alikaa na mkaza mwana wake, Sabiha, msichana wa Ushongo, mrefu, mwenye maneno machache. Uchache huo wa maneno ulimtia Bi Mwanasiti wasiwasi tangu siku ya arusi. Mtu akisema sana utajua anachofikiri. Huyu alifikiri nini? Na yale maji ya sabuni uani, nani aliyekuwa akifua siku ile? Bi Mwanasiti hakulisema hilo kwa sauti, lakini hakulisahau. Tena hakumwita mkaza mwana wake kwa jina. Akimtaka alisema, "Wee, mke wa Idarusi." Akimtaja kwa wengine alisema, "Yule wa Ushongo."

Miaka ile mkonge ulikuwa na bei, na mabwana wa mashamba wakibomoa nyumba za zamani na kujenga mpya. Katika bomoabomoa hiyo Idarusi alipewa kengele ya umeme ambayo bibi mmoja wa Kigiriki alikuwa akiwaitia watumishi wake. Akaja nayo nyumbani, akaifunga ukutani jikoni, betri zake akaziweka kwenye kisanduku chini yake, waya akaupitisha juu ya ukuta wa ukumbi mpaka kwenye samadari ya mama. Mwisho wa waya palining'inia kidude cha mbao, kinene juu, chembamba chini, mfano wa pia wanayochezea watoto. Katikati yake palikuwa na kitufe cheupe.

"Bonyeza, mama," alisema Idarusi.

Mama akabonyeza. Huko jikoni kengele ikapiga mlio uliomkurupusha jogoo juu ya kinu, na Sabiha akaja mbio na unga mikononi.

"Labeka, mama."

"Hamna kitu," alisema Bi Mwanasiti. "Nilikuwa natazama tu kama unasikia."

Basi kubonyeza kukamnogea. Akabonyeza afunguliwe dirisha, akabonyeza lifungwe. Akabonyeza kuuliza nani kapita njiani, hali aliyepita kamwona yeye mwenyewe. Kidude kile wakakiita pia, na chini ya mto wake kikapata makao. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke, alijiona ana nguvu ndani ya nyumba yake.

Raha hiyo ilikaa mpaka alipokuja Mboni. Huyu alikuwa jirani wa nyuma, mjane kama yeye, shoga wa tangu usichana, na ua wa makuti uliotenganisha nyumba zao ulikuwa na tundu analolipita bila kuinama. Mboni aliitazama ile pia, akaigeuza, akaguna.

"Shoga, kitu kama hiki Chumbageni nzima hakipo. Unadhani jicho la watu litakiacha?"

"Watu gani? Chumba hiki anaingia nani?"

"Ndilo hilo ninalosema," alisema Mboni, akatazama mlangoni.

Neno hilo lilitosha. Kila Alhamisi Mboni alimletea Bi Mwanasiti kombe kutoka kwa Maalim Hatibu, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kisha zikaoshwa kwa maji na marashi na kutiwa chupani. Maalim aliagiza mgonjwa anywe na kujipaka nyongani. Bi Mwanasiti alikunywa, alijipaka, na tangu siku ile yaliyobaki aliigawia ile pia. Aliidondoshea kwenye kitufe, tone kwa tone, akiomba Mungu ailinde na kila mwenye kijicho. Kisha akaizungushia hirizi yenye uzi mweusi, akairudisha chini ya mto. Chupa aliifungia kashani pembeni mwa kitanda. Sabiha hakuambiwa kitu. Dawa ya mwizi haianikwi mbele ya mwizi.

Hazikupita Alhamisi nyingi, kengele ikaanza kigugumizi. Leo inalia, kesho inakoroma, kesho kutwa mpaka uibonyeze kwa nguvu za kidole kizima. Bi Mwanasiti akazidisha kombe. Kengele ikazidi kuugua. Siku moja akabonyeza, akabonyeza tena, akatega sikio. Kimya. Jikoni hakuna kilicholia ila mwiko kwenye sufuria.

Mtu kaifanya kitu kengele yangu, alijiambia, na nyumbani tuko wawili.

Jumamosi Idarusi akaja na betri mpya. Akafungua kisanduku, akatia, akagusanisha nyaya pale pale jikoni, kengele ikalia vizuri. Akarudi chumbani.

"Haya, bonyeza."

Kimya.

Akapanda kiti, akaupapasa waya wote wa ukumbini. Karibu na mlango wa chumba chake mwenyewe akakuta msumari, umepigwa kuning'inizia pazia, umbali wa kidole kimoja tu na waya.

"Nani kapiga msumari huu?" aliuliza.

"Mimi," Sabiha alijibu. "Pazia lilikuwa likianguka."

Bi Mwanasiti alisikia kila herufi kutoka kitandani. Msumari! Alitamani mguu wake upone kwa dakika moja tu akauone kwa macho yake. Idarusi aliukagua waya, akaukuta mzima, akaujaribu kwa taa yake ndogo ya fundi, ikawaka. Akaja akaketi ukingoni mwa samadari.

"Mama, betri nzima, waya mzima, kengele nzima. Kilichobaki ni pia. Nipe niifungue."

"Pia haitoki mkononi mwangu."

"Mama..."

"Betri nzima, waya mzima, kengele nzima," alimkatiza. "Na aliyebaki ni mkeo. Kikulacho ki nguoni mwako, Idarusi. Mimi nakaa na pia hii mchana kutwa. Ningeiharibu mwenyewe?"

Idarusi aliitazama ile hirizi na uzi wake mweusi, akainuka. Alikuwa mtu mzima anayeogopwa na vibarua wa mitambo, lakini mbele ya mama yake alikuwa bado yule mtoto aliyevunja gudulia. Jumapili akaondoka, kengele ikabaki bubu.

Sasa hapa ndipo penye ajabu, na Bi Mwanasiti aliiona ajabu hiyo kabla ya mtu mwingine. Kengele ilikuwa imekufa, lakini Sabiha alikuwa akija. Bi Mwanasiti akipatwa na kiu, kabla hajaamua kuita, mlango unafunguka na kikombe hiki hapa. Ubavu ukimchoma, Sabiha kaingia kumgeuza. Haja ikimbana, kopo limeshasogezwa. Mtu mwingine angesema alhamdulillahi. Bi Mwanasiti alijiuliza, kajuaje?

Akaanza kupeleleza. Akajua kwamba chini ya mlango, mchana, hupita mwanga wa ukumbini, na kwamba kuna wakati mwanga huo hukatika katikati. Kuna kitu pale. Kuna mtu. Aliukazia macho mstari ule wa mwanga kutwa nzima kama paka aliyeona tundu la panya. Kivuli hakikuondoka. Yule wa Ushongo alikuwa akikaa mlangoni kwake, nje, akimsikiliza!

"Nilijua," alimnong'oneza Mboni siku iliyofuata. "Kainyamazisha kengele ili asiitwe, kisha anatega sikio mlangoni asikie ninayosema nawe. Ananisubiria nini? Nife?"

"Tumjaribu," alisema Mboni, ambaye hakuna siku aliyowahi kukataa jaribio. "Mimi nitaaga, nitoke kwa mlango wa mbele, nirudi kimya kimya nijibanze nyuma ya pazia la sebule. Wewe baada ya kitambo bonyeza pia. Usiseme neno. Tuone atafanya nini."

Ikawa hivyo. Bi Mwanasiti alingoja, akajisogeza apate nafasi, akabonyeza. Hata koo hakulisafisha. Punde si punde mlango ukafunguka.

"Labeka, mama. Nikugeuze?"

Kengele haikulia; nyumba nzima ilikuwa kimya. "Sikukuita," alisema kwa sauti kavu. Sabiha akamtazama kidogo, akarudisha mlango.

Mboni akaja baadaye kwa tundu lake la makuti, macho yamemtoka.

"Nimemwona kwa macho yangu haya. Kaketi chini, mgongo ukutani, sikio kaligeuzia mlango wako, anasuka ukili. Mara akaacha kusuka. Akainuka, akaingia. Wala kengele haikulia, shoga! Kaambiwa na nani?"

"Na nani?" aliuliza Bi Mwanasiti, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Mimi sisemi," alisema Mboni. "Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Juma lile Bi Mwanasiti hakula vizuri. Uji aliuonja kwa ncha ya ulimi, akasubiri, akaonja tena. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa ya kweli, tusimcheke. Mtu aliyelala chali hawezi hata kukimbia. Kila jioni alipima moyoni mwake, nani atoke katika nyumba hii, na kila jioni mizani ililalia upande ule ule.

Jumamosi Idarusi hakupewa nafasi hata ya kuvua viatu.

"Mke utapata mwingine. Mama hupati. Ama yeye, ama mimi, nibebe unipeleke hata chooni kwa Mboni nikafie huko."

"Mama, kafanya nini?"

Akamweleza. Maji ya sabuni, msumari, kivuli, ukili, mlango unaofunguka bila mtu kuita. Alipoyataja kwa mfululizo hata yeye mwenyewe yalimtisha. Idarusi alikuwa akifuta jasho tu.

Mlango ukafunguka. Sabiha aliingia, akapiga goti kama kawaida yake.

"Shikamoo, mama. Nimesikia. Siwezi kusema sikusikia, nilikuwa hapo hapo nje."

"Si mnaona!" alisema Bi Mwanasiti.

"Waya sikuukata. Na ile siku uliyoanguka nilimwaga maji ya sabuni, nikaenda kuchota maji safi ya kusuuzia, niliporudi nikakukuta chini. Hilo ni kosa langu, na sijalala vizuri tangu siku ile. Lakini mtu asipokuja analaumiwa, na akija anaulizwa kaambiwa na nani. Pahali hapo hapakaliki, mama. Nitakwenda kwetu. Usimlazimishe Idarusi kuchagua."

Akamgeukia mumewe. "Uji uko jikoni umefunikwa. Ukimgeuza anza kwa ubavu wa kulia. Wa kushoto ukimshitua humuuma mpaka jioni. Na gudulia lisogeze karibu, hapendi kuomba maji."

Bi Mwanasiti alitazama dari. Alisikia buibui likikung'utwa, kisanduku kikifungwa, nyayo za watu wawili zikienda kwenye kituo cha basi la Pangani na nyayo za mmoja zikirudi. Ushindi wake ulikuwa umekamilika. Alijisikia kama mtu aliyeng'olewa jino, anapapasa kwa ulimi mahali lilipokuwa.

Idarusi alimpa uji, akamgeuza kwa ubavu wa kulia, akaenda uani. Akaanza kupigilia ua wa makuti uliolegea, na nyundo yake ilikuwa na hasira kuliko misumari ilivyostahili. Jua lilikuwa kali. Bi Mwanasiti akashikwa na kiu. Gudulia lilikuwa karibu, lakini maji yake yalikuwa yamekwisha. Akajisogeza. Samadari ikalia kwa ule mlio wake wa mbao kavu, kwiii. Akatazama mlango kwa mazoea.

Mlango haukufunguka. Mstari wa mwanga chini yake ulikuwa mrefu, mzima, toka upande huu hadi ule.

Akakohoa. Akaangusha tasbihi sakafuni kwa makusudi. Akaita, "Idarusi!" Nyundo. Akaita tena, mara hii ule ukelele usio wa heshima. Nyundo. Kisha haja ikambana, na hapo akaanza kuita bila kuhesabu, mpaka sauti ikakauka, na jambo ambalo hakupenda limpate mtu mzima likampata. Alilala pale kwenye unyevu wake, machozi yakimwingia masikioni, mwanamke aliyekuwa akinusa samaki mbele za watu.

Idarusi alipoingia, alisimama, akaelewa, akamhudumia. Alipokuwa akimfunika shuka safi mama akamshika mkono.

"Mbona hukuja?"

"Hukuita, mama. Yaani sikusikia. Nilikuwa uani."

"Niliita mpaka nimekauka. Yeye sikumwita, na alikuja. Kwa nini yeye alikuja?"

Idarusi alitoka kwenda ukumbini, akarudi amebeba mkeka, nusu umeshonwa, nusu bado ni ukili uliokunjwa, na mto mdogo wa kuegemea.

"Hivi vilikuwa nje ya mlango wako. Aliniambia njiani kwenda kituoni, nilipombana. Kengele ilipokufa akaona kutoka jikoni hatakusikia. Akahamishia kazi zake zote hapa ukumbini, mchele anachagulia hapa, ukili anasukia hapa. Kitanda hiki kikilia mara moja, unataka kugeuka. Kikilia mara mbili, unatafuta maji. Ukinyamaza sana, anaingia kutazama kama u mzima. Siku ile unayosema hukuita, mama, kitanda kilimwita."

Bi Mwanasiti aliutazama ule mkeka. Ulikuwa mpana, wa kutosha kuenea kitandani, na rangi zake zilikuwa zile alizozipenda yeye, nyekundu ya kuiva na zambarau. Aliona aibu hata ya kuugusa.

Akatia mkono chini ya mto, akaitoa pia.

"Ifungue," alisema.

"Na hirizi?"

"Ifungue, nimekwambia."

Idarusi alikata uzi mweusi, akaiweka hirizi pembeni kwa adabu, akachukua bisibisi. Kifuniko kiligoma, kisha kikatoka kwa mkwaruzo. Kabla hawajaona kitu, walisikia harufu. Marashi. Chumba kizima kilinukia kama sebule yenye maulidi. Ndani ya pia vibati viwili vya shaba, ambavyo kazi yake ilikuwa kugusana tu, vilikuwa vimeota kutu ya kijani, na juu ya kutu palikuwa na doa la manjano, kavu, linalong'aa.

Zafarani. Idarusi alilikwangua kwa kucha, akanusa, akamtazama mama yake. Mama naye akatazama ufunguo kifuani mwake, na kasha lililofungwa.

Hakumsuta. Labda angemsuta ingekuwa nafuu.

"Kombe ni la mtu, mama," alisema polepole. "Shaba haiombewi. Shaba inaoza tu."

Akachukua kipande cha msasa, akasugua vile vibati mpaka vikawaka, akavipinda kidogo, akafunga. "Bonyeza."

Akabonyeza. Kengele ikapasua kimya cha nyumba, krrrrr, kwa nguvu kama siku ya kwanza. Jogoo akapiga makelele. Ikalia, ikanyamaza, na hakuna aliyekuja mbio na unga mikononi.

Aliyekuja ni Mboni. Alipita kwenye tundu lake, akavuka ua, akaingia hata bila hodi, furaha imemjaa.

"Nimesikia! Wallahi nimesikia mpaka kwangu! Shoga, si nilikwambia? Yule hajafika hata Pangani, na kengele imepona! Kuna ushahidi gani mwingine? Mimi leo leo nawaambia watu wote, wajue nyumba hii ilikuwa na nini."

Idarusi aliinamia bisibisi yake. Hangesema, Bi Mwanasiti alimjua mwanawe, angeimeza siri ile mpaka kaburini kuliko kumwaibisha mama yake mbele ya jirani. Na Mboni alikuwa amemletea ukweli mwingine, mzuri, ulioiva, usiohitaji hata kutafunwa. Angenyamaza tu. Kabla ya Ijumaa mtaa mzima ungejua kwamba yule wa Ushongo ni mchawi, na kengele ndiyo shahidi. Nani angemwoa tena? Nani angemkaribisha hata kwenye maji ya kunywa? Bi Mwanasiti aliliona hilo lote waziwazi, kwa ile akili yake isiyodanganyika, na mara hii mwizi aliyemwona alikuwa yeye.

"Mboni," alisema, "keti."

"Nikae nini, mimi nakwenda..."

"Keti, nimekwambia! Kengele nimeiua mimi. Kila Alhamisi niliinywesha kombe ulilokuwa ukiniletea. Imeoza. Nusa." Akamsogezea pia puani. "Nusa vizuri. Ni marashi ya nani haya? Ya Ushongo?"

Mboni alinusa. Uso wake ulipita rangi kadhaa.

"Lakini mlangoni alikuwa anafanya nini?" alijaribu.

"Alikuwa ananisikiliza," alisema Bi Mwanasiti. "Hakuna mtu mwingine katika nyumba hii aliyekuwa akinisikiliza. Sasa ukitaka kwenda kuwaambia watu, kawaambie hilo. Lisipofika kwa watu kama nilivyolisema, Mboni, tundu lile la makuti Idarusi ataliziba leo."

Mboni aliondoka kwa mlango wa mbele, jambo ambalo bila hila halikuwahi kutokea. Tusimnyime haki yake, alilifikisha, na kwa sababu alikuwa Mboni alilifikisha mpaka soko la Ngamiani.

Idarusi alipanda basi la asubuhi. Mama alimwagiza maneno mengi, akayafuta, mwisho akabakiza haya: mwambie mavyaa wake, mama wa mumewe, kakosa, tena kakosa mbele ya watu, na mbele ya watu kasema kwamba kakosa. Akirudi ni hisani yake. Asiporudi, mkeka wake asiudai, kwa sababu nimeulalia.

Kutwa ile alikaa na Mboni, aliyekuwa mpole kama kuku aliyenyeshewa. Kesho yake mchana nyayo za watu wawili zikasikika barazani.

Sabiha aliingia, akapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alitaka kusema mengine, yakagongana mlangoni mwa kinywa. "Nimekukosea."

"Yamekwisha, mama," alisema Sabiha, kwa adabu ile ile, na uso ule ule usiosomeka. "Nimeambiwa kengele inafanya kazi. Basi mimi nitakuwa jikoni. Ukinihitaji, bonyeza."

Akatoka. Na kweli alikaa jikoni. Siku ile na siku zilizofuata, kengele ililia na Sabiha alikuja. Haikulia na hakuja. Alileta maji, aligeuza, alifunika, akaenda zake mwisho wa ua. Hapakuwa na la kulalamikia. Bi Mwanasiti alikuwa amepata alichokitaka, mtu anayekuja akiitwa tu. Mchana alilala akitazama mstari wa mwanga chini ya mlango, mzima, bila kivuli, na nyumba ilikuwa kubwa mno. Alijigeuza makusudi, kitanda kikalia kwiii, mara moja, mara mbili. Hakuna kitu. Aliishika pia, akaweka kidole kwenye kitufe, akakiondoa. Angembonyezea nini? Hakuwa na kiu, hakuwa na haja. Na kengele haijui kusema mtu anataka nini.

Alhamisi, alasiri, aliichukua pia, akaitupa chini ya kitanda, mbali, asipoweza kuifikia. Akavuta pumzi.

"Sabiha!"

Hakuwahi kulitamka jina hilo kwa sauti. Lilitoka kwa kukwaruza. Akalirudia, kwa nguvu, kwa ule ukelele wa kusikika mtaa wa pili. "Sabiha! Sabiha, mwanangu!"

Nyayo zilikuja mbio ukumbini. Mlango ulifunguka kwa kishindo, Sabiha amesimama, mkono kifuani, ukili umemwanguka miguuni.

"Labeka, mama! Kuna nini? Kengele imekufa tena?"

"Haijafa," alisema Bi Mwanasiti. "Nimechoka kukuita kwa kidole."

Sabiha akainama akaokota ukili wake, akatazama huku na huku pa kuketi. Hakutoka nje. Bi Mwanasiti alijisukuma kwa viwiko, taratibu, akianza kwa ubavu wa kulia, akampisha nafasi kwenye samadari.